Waja Leo, Waondoka Lini? Maneno Niliyowaambia Wanaotaka Kwenda Ulaya Kutembea

Haya niliyasema Jumamosi alasiri mbele ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga, pamoja na vijana na wazee waliokaribishwa. Mvua iliwazuia wengi, na tangu siku ile simu yangu haipumziki. Nimeyaandika yote kwa ajili ya waliokosa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mlioegemea ukuta, hamjambo? Sogeeni mkae, jamvini bado pana nafasi. Nina maneno mengi, mtachoka miguu.

Mwenyekiti wetu alinipigia simu akaniambia, "Mwalimu, wewe umekwenda Ujerumani na umerudi. Njoo utuambie ulifanya nini mpaka ukapewa viza, maana hapa mtaani watu wananyimwa kila siku." Nikamwambia nitakuja. Lakini sitaanza na siku niliyopewa. Nitaanza na siku niliyonyimwa, kwa sababu na mimi nilinyimwa, na siku ile ndiyo iliyonifundisha.

Binti yangu wa pili ameolewa kaskazini ya Ujerumani. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kina mama, nyinyi mnajua desturi yetu ya pwani: binti akijifungua, mama yake ndiye wa kumkanda kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kumkorogea uji wa pilipili manga, na kukaa naye mpaka arobaini. Nikasema nitakwenda. Nikakusanya karatasi. Nikaogopa kwamba akaunti yangu ina pesa kidogo, kwa hiyo nikakopa kwa kaka zangu na kwa shoga yangu mmoja, jumla milioni sita. Jumatatu nikaziweka benki. Jumatano nikaenda kuchukua taarifa ya akaunti, nikaipeleka Dar es Salaam nikiamini nimekamilika.

Nikarudishiwa pasipoti na karatasi moja. Karatasi ile ina sababu zilizopangwa, na mbele ya kila sababu pana kisanduku. Kisanduku changu kilichotiwa alama kilikuwa cha sababu isemayo kwamba kuna mashaka ya msingi juu ya nia yako ya kuondoka katika nchi zao kabla viza yako haijaisha.

Nililia, sitaki kuwaficha. Mjukuu wangu alizaliwa na wa kumkanda mamaye hakuwapo. Kwa muda mrefu nikawalaumu wale watu. Kisha nikakaa chini, nikaisoma karatasi ile tena na tena, kama nilivyokuwa nikisoma madaftari ya wanafunzi, nikaona kosa ni langu. Hivi, wewe ungekuwa ndiwe afisa, ukamwona mama ambaye miezi yote akaunti yake inaingiza pensheni na kutoa pensheni, halafu ghafla siku mbili kabla ya kuomba inaingia milioni sita, ungewaza nini? Ungewaza pesa si zake. Na ukishawaza hivyo, karatasi zake nyingine zote utazisoma kwa jicho hilo hilo.

Sasa nawauliza watu wa Tanga. Sisi mji wetu una usemi wake. Twasemaje?

(Ukumbi mzima: "Waja leo, waondoka leo!")

Ehe! Na sisi wenyewe twajua maana yake. Mgeni hushuka stendi ya Kange akisema amekuja kulala siku moja. Miaka ishirini baadaye ana nyumba Makorora, ana wajukuu, na kwao hakumbuki hata njia. Tunacheka, tunasema Tanga imemteka. Basi ndugu zangu, afisa wa viza anamjua mgeni huyo, hata kama Tanga hajawahi kuiona. Kila anapofungua faili ana swali moja: huyu waja leo, waondoka lini? Bima, tiketi, barua ya mwaliko, taarifa ya benki, vyote hivyo anavisoma akitafuta jibu la swali hilo.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo viza yenyewe ni nini, maana wengine wanalisikia neno Schengen hawajui ni mnyama gani. Ni jina la kijiji kidogo cha Luxembourg. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilitia sahihi pale mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao. Leo zimefika 29. Ukipewa viza ya Ujerumani ya kutembea unaweza kuvuka ukaingia Denmark au Ufaransa kwa viza hiyo hiyo. Uswisi na Norway zimo, ingawa hazimo katika Umoja wa Ulaya. Uingereza na Ireland hazimo, hizo zina viza zao. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Na muda wa juu ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wale wamekupa 90, ila jembe hawakupi: kwa viza hiyo huruhusiwi kufanya kazi.

Turudi kwenye swali letu. Utamthibitishiaje mtu asiyekujua kwamba utarudi?

Kwa Tanga yako. Nasema tena, kwa Tanga yako! Maisha yako ya hapa ndiyo ushahidi wako, na ajabu ni kwamba ndiyo tunayoyaficha. Tunaona haya. Mtu ana banda la mbao Duga, anaona si kitu, halitaji. Ana ekari mbili za michungwa Muheza, anaona ni ushamba, hazitaji. Halafu anatafuta barua ya uongo kwamba ni meneja wa kampuni.

Yupo dada mmoja hapa mjini, anauza samaki pale Deep Sea. Alialikwa na nduguye aliyeko Uholanzi. Alikuja kwangu akasema, "Mwalimu, mimi sina karatasi, mimi ni muuza samaki." Nikamwambia lete mfuko wako. Wengi wetu tuna mfuko wa aina ile, wa plastiki, uko chini ya godoro. Akaufungua juu ya meza yangu. Mkatoka leseni ya biashara, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imechanika. Mkatoka namba ya mlipakodi. Stakabadhi za ushuru wa soko zimefungwa kwa mpira, zinanuka samaki. Karatasi za mkopo alioulipa mpaka shilingi ya mwisho. Risiti za ada za watoto wawili walioko sekondari. Nikamwambia, mwanangu, huna karatasi? Hizi ni nini? Tukazipanga kwa tarehe, tukazitafsiri kwa Kiingereza, tukaandika barua ya ukurasa mmoja kueleza anafanya kazi gani, duka ataachiwa nani, anakwenda siku ngapi, anarudi lini na kwa nini lazima arudi. Akaenda wiki tatu, akarudi. Leo asubuhi nimenunua samaki aina ya changu kwake.

Na mimi mara ya pili nilifanya hivyo hivyo. Nikapeleka barua yangu ya pensheni, karatasi za nyumba, na barua ya kikundi hiki yenye muhuri, ikieleza mimi ni mweka hazina na mwezi gani natakiwa kufunga hesabu. Akaunti niliiacha ilivyo. Ndogo, lakini inasema ukweli. Gharama za kukaa kule alizibeba mkwe wangu, naye kwa hilo hakuandika barua ya kienyeji. Alikwenda ofisi ya wageni ya mji wake na hati zake za mshahara, akalipa euro 29, akatia sahihi hati ambayo wao huiita Verpflichtungserklärung. Jina ni gumu, lakini liandikeni, mkipata mwenyeji wa Ujerumani mtamtajia. Hati hiyo inamfunga mwenyeji kisheria kulipa gharama zako zote, pamoja na matibabu na za kukurudisha kwenu. Aitume hati yenyewe halisi kwa posta. Picha ya WhatsApp haitoshi. Na hata ukiwa nayo, swali la kurudi bado ni lako wewe. Mwenyeji hawezi kulijibu kwa niaba yako.

Sasa niseme la majina, na hapa naomba mnisikilize sana, kwa sababu ndipo watu wetu wa pwani wanapoumia.

Jina lako limeandikwaje? Nakuuliza wewe, mama mwenye mtandio wa kijani. Mwanahamisi? Sawa. Je, cheti cha kuzaliwa kimeandika Mwanahamisi kwa neno moja, au Mwana Hamisi kwa maneno mawili, au Mwanakhamis yenye k na h? Na kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, je? Na cheti cha ndoa? Kwetu sisi wote ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu watatu.

Jirani yangu, fundi seremala, alikwenda ofisi ya Uhamiaji kuomba pasipoti. Cheti cha kuzaliwa kilisema Hamisi. Kitambulisho cha taifa kilisema Khamis. Baba yake huku ni Bakari, kule ni Abubakari. Akaambiwa akarekebishe kwanza. Akaapa hati ya kiapo, akarudi, akaenda RITA wanakosajili vizazi, akarudi, akaenda NIDA. Miezi mitatu ilipita kwa sababu ya herufi ya k! Na huyo alikuwa bado hajafika hata kwenye viza, alikuwa anatafuta pasipoti tu. Kwa hiyo kabla hujauliza nauli ya ndege, zilaze karatasi zako mezani, usome jina lako herufi kwa herufi.

Pasipoti yenyewe si ngumu mkiwa na majina sawa. Siku hizi ni ya kielektroniki, ilizinduliwa 31 Januari 2018. Unajaza ombi mtandaoni, unapata namba ya malipo, ada yake ni shilingi 150,000, na ukiipata unakaa nayo miaka 10. Ulaya wanataka iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu angalau, na iwe hai miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kuondoka kwao. Ukipanga kutoka 30 Juni, pasipoti iwe hai mpaka 30 Septemba au zaidi. Mna pasipoti za zamani kabatini? Nendeni mkazitazame leo usiku.

Na tarehe za kuomba. Mlango unafunguliwa miezi sita kabla ya safari na unafungwa siku 15 kabla. Wao wana siku 15 za kuamua, na wakihitaji kuchunguza zaidi zinaweza kufika 45. Kijana mmoja wa kwaya hapa mjini alialikwa na rafiki zake kule Eckernförde, mji ambao kwa miaka mingi umekuwa mji-dada wa Tanga yetu. Mwaliko mzuri, bima ipo, barua ya shule ipo. Akakaa, akakaa, akaenda ubalozini zimebaki siku kumi na saba. Na alikuwa amekwisha kununua tiketi, maana alidhani ndivyo wanavyotaka. Ndege ikaondoka, pasipoti ikiwa bado Dar. Tiketi ile haikuwa ya kurudishiwa pesa. Wazazi wake walikuwa wameuza ng'ombe. Mwanangu, wanachotaka ni nafasi uliyoshikiwa kwenye ndege. Tiketi lipa ukishaiona viza kwa macho yako.

Bima nitaipita haraka: iwe ya angalau euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na igharimie matibabu ya dharura na kukurudisha nyumbani, hai au maiti. Msiione ni ada ya bure. Mwezi wa pili kule njia zinaganda barafu, na mtu wa Raskazone hajui kutembea juu ya barafu.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima tangu 11 Juni 2024. Mtoto wa miaka sita mpaka chini ya kumi na mbili ni euro 45, na aliye chini ya miaka sita halipi. Ukinyimwa, hairudi. Alama za vidole huchukuliwa ukiwapo mwenyewe, isipokuwa mtoto wa chini ya miaka 12, na wakishazichukua wanaweza kuzitumia tena kwa maombi mengine kwa karibu miaka mitano. Kwa hiyo lazima ufike Dar kwa miguu yako. Miadi ikiwa asubuhi, tafadhali usipande basi la alfajiri ile ile. Ni kilomita zipatazo 350 na barabara haina ahadi. Nenda jana yake ukalale kwa ndugu.

Sasa nafika pale panaponitia hasira, nanyi mtanisamehe sauti ikipanda.

Vishoka! Nani hajawahi kukutana nao? Anakwambia ana mtu ndani. Anakwambia ukimpa milioni nne viza ni uhakika. Anauza nini? Fomu? Fomu ni bure, iko mtandaoni. Uamuzi? Uamuzi uko kwa afisa ambaye kishoka hajawahi kumwona. Anauza nini basi? Anauza karatasi za uongo zenye jina lako wewe, na sahihi utakayoweka ni yako wewe. Yeye jina lake halimo popote.

Mama mmoja mtaa wa pili na kwangu aliuza mashua ya marehemu mumewe. Mashua, jamani! Kitu kilichowalisha watoto sita. Akampa kishoka ampeleke mwanawe. Kishoka akatengeneza barua ya ajira ya kampuni, na taarifa ya benki yenye mamilioni. Ubalozi ukaipigia simu kampuni ile, wakajibiwa hatumjui. Njia ya mwongo fupi, na safari hii haikufika hata Mkata. Kijana akanyimwa kwa kuleta hati za kughushi, na kumbukumbu hiyo inakaa katika mfumo wao wa viza mpaka miaka mitano. Balozi za nchi zote 29 zinaweza kuiona. Akienda Ufaransa wanaiona, akienda Italia wanaiona. Kishoka amebadilisha namba ya simu. Mashua imekwenda.

Mnaweza kuniuliza: Mwalimu, na anayenyimwa kwa haki yake je? Sababu lazima upewe kwa maandishi, na haki ya kupinga ipo. Lakini jueni kwamba kwa Ujerumani, ile barua ya kuwaomba ubalozini wafikirie tena ilifutwa tangu 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin, au kuomba upya na kulipa upya. Mimi niliomba upya. Sikuficha kwamba niliwahi kunyimwa, na hata ningeficha wangeona. Niliandika: mara ya kwanza niliweka pesa za kukopa kwa sababu niliogopa, safari hii naleta hali yangu ilivyo.

Nikapewa. Stika inabandikwa ndani ya pasipoti, na hapo pia pana mtego. Ina tarehe mbili, ya kuanzia na ya kuishia, na chini yake imeandikwa idadi ya siku. Yangu tarehe zilikuwa na nafasi ya siku 45, lakini siku za kukaa zilikuwa 30. Thelathini ndiyo haki yako, zile 15 za ziada ni za kukuruhusu uchelewe kuanza safari. Pana pia sehemu ya mara ngapi unaingia. Ikiwa imeandikwa 01, ukitoka kwenda London kumsalimia shemeji, hata ukiwa na viza ya Uingereza, hurudi tena Ujerumani. Na siku hizi hesabu haifanywi kwa mhuri uliofutika. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kompyuta mipakani unaopiga picha ya uso wako na kuandika siku uliyoingia na siku uliyotoka. Siku moja ikizidi, imeandikwa.

Niseme pia lililo moyoni. Wapo wazee wanaoniambia, Mwalimu, mwaka 1893 Wajerumani walipoanza kutandika reli kutoka hapa Tanga, nani aliwauliza barua ya mwaliko? Ni kweli. Linauma, na mimi likaniuma nikiwa kwenye foleni ya ubalozi. Lakini nilikuwa na mjukuu wa kumwona, nikaamua maumivu yale yasiniandikie fomu.

Pale uwanja wa ndege wa Frankfurt afisa wa mpaka alinitazama, akaniuliza nakuja kwa nani na nakaa siku ngapi. Kuwa na viza hakumzuii kukuuliza, na anaweza hata kukurudisha. Barua ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi nilikuwa nazo kwenye mkoba wa begani. Msiziweke kwenye sanduku linalopakiwa tumboni mwa ndege. Nikamjibu: siku 28, nakwenda kwa mwanangu. Akanipisha.

Mjukuu wangu nilimkuta ana miezi minane na meno mawili. Arobaini ilishapita zamani. Nilimkanda mamaye hata hivyo, na yeye akalia, na mimi nikalia. Siku ya 28 nikapanda ndege, kwa sababu hesabu za kikundi hiki zilikuwa zinanisubiri.

Basi niishie hapo. Mwenyekiti, naomba ile meza isogezwe karibu na dirisha, mwanga unapungua. Waliokuja na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA kama nilivyoagiza, waje mmoja mmoja, tusome majina herufi kwa herufi. Wazee watangulie. Mama mwenye mtandio wa kijani, njoo uanze wewe.